Nilichojifunza Kuhusu Rushwa Nikifuatilia Hati ya Marehemu Baba

Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyeteuliwa na ukoo kuwa msimamizi wa mirathi, hasa kama katika mali za marehemu kuna nyumba au kiwanja chenye hati. Njia hiyo nimeipita baada ya baba yetu kufariki. Tangu kikao cha ukoo hadi hati kutoka ilikaribia miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo haikuliwa na taratibu za kisheria. Ililiwa na watu waliokuwa wakingoja nitoe chochote. Sikutoa. Nitaeleza nilivyofanya, kilichonigharimu, na nilivyokuja kuielewa rushwa kwa kuiona ikifanya kazi mbele ya macho yangu. Mji sitautaja wala ofisi sitazitaja, kwanza kwa sababu kuna taarifa ambayo bado iko mikononi mwa wanaohusika, na pili kwa sababu msomaji wa Tabora, Moshi au Lindi ataona kama nazungumzia ofisi ya kwao.

Nianze na baba mwenyewe. Alikuwa mtunza bohari wa serikali. Alijiunga na TANU akiwa kijana, na zile ahadi za mwanachama alizijua kwa moyo hadi uzeeni: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Na ile nyingine: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Alitusimulia jinsi mshahara wa miaka ya themanini ulivyokuwa ukikata kabla wiki ya kwanza ya mwezi haijaisha, foleni za sukari na sabuni, na wenzake waliokuwa wakitoa bidhaa bohari kwa mlango wa nyuma. Hakuwatukana. Alisema ni wakati ule ndipo watu walipozoea kuishi kwa cheo badala ya mshahara, na kwamba waliozoea hivyo ndio waliowafundisha kazi vijana walioajiriwa baadaye.

Nilipokuja kusoma historia niliona alikuwa anasema jambo kubwa kuliko bohari yake. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba au kumiliki hisa katika kampuni. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Kufikia 1996 Rais Mkapa alikuwa ameunda tume chini ya Jaji Warioba, nayo ikaeleza wazi kwamba tuna rushwa za aina mbili: ya mtumishi mdogo anayetafuta kujikimu, na ya wakubwa wanaosukumwa na tamaa ya mali. Nikienda kufuatilia hati nilitarajia kukutana na ile ya kwanza tu. Nilizikuta zote mbili, moja kaunta na nyingine ofisi ya ndani, na zinajuana.

Mwanzo wa safari ni kikao cha ukoo na muhtasari wake, cheti cha kifo, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Pale mtaani ndipo nilipoombwa kwa mara ya kwanza. Mzee aliyekuwa na muhuri aliniambia kuna "hela ya muhuri", elfu ishirini. Nikamjibu, "Mzee wangu, nitalipa bila shida. Naomba tu stakabadhi niiweke kwenye hesabu za mirathi, maana mahakamani nitaulizwa." Alinyamaza kidogo, akagonga muhuri, akanipa pole ya msiba. Elfu ishirini haikutajwa tena.

Neno hilo nimelitumia hadi mwisho na nawasihi mlitumie. Msimamizi wa mirathi anadaiwa hesabu na mahakama, kwa hiyo ana sababu halali ya kuomba risiti ya kila shilingi, tena bila kumvunjia mtu heshima wala kumwita mla rushwa. Huna haja ya kugombana. Na nikiwa bado hapo mtaani: kama mnakusudia kuuza kiwanja cha mirathi, ile asilimia kumi ya bei ambayo baadhi ya wenyeviti wa mitaa huidai kwa kushuhudia mauziano ni mazoea tu, haina sheria nyuma yake. Nimeona wajane wakiitoa wakiamini ni kodi.

Mahakama ya Mwanzo walinitendea haki, na lazima niseme hivyo kwa sababu tukizoea kusema "wote ni walewale" tunawakatisha tamaa walio safi. Ada nililipa kwa namba ya malipo ya serikali, tangazo likabandikwa, muda wa pingamizi ukapita, hakimu akanihoji mbele ya ndugu zangu, nikapewa barua ya usimamizi. Karani aliniandikia kwenye karatasi fomu ninazopaswa kurudisha, ile ya orodha ya mali na ile ya hesabu za mgawanyo, na akanikumbusha kwamba muda wake ni miezi minne tangu uteuzi, na ukiona hautatosha unaomba kuongezewa mapema. Pale nilijua hatua inayofuata, bei yake na siku yake. Hakuna aliyeweza kuniuzia kitu, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeshasemwa.

Kisha nikaingia ofisi ya ardhi.

Ombi langu lilikuwa la kawaida kabisa: jina langu kama msimamizi liandikwe kwenye hati, kisha baadaye nyumba ihamishiwe kwa warithi kama ukoo ulivyokubaliana. Nilikuwa na hati halisi, barua ya mahakama, cheti cha kifo, vitambulisho na risiti za kodi ya ardhi, zote zimepangwa kwenye bahasha ya kaki. Kijana wa kaunta alizipokea, akaingia ndani, akakaa, akarudi mikono mitupu. "Dada, faili la huyu mzee halionekani. Ni la zamani sana. Njoo Alhamisi."

Alhamisi anayehusika alikuwa semina. Wiki iliyofuata mtandao ulikuwa chini. Nyingine, mtandao ulikuwa juu lakini mwenye kuidhinisha alikuwa amesafiri kwenda Dodoma. Kila niliporudi niliambiwa jambo jipya kwa upole uleule, na hakuna hata mmoja aliyeniomba pesa. Watu wengi hawajui kwamba mambo huanza hivi. Tunamngoja mtu mwenye sura mbaya aseme "nipe rushwa", kumbe tunachokutana nacho ni "njoo kesho" inayorudiwa mpaka mwenye shida aulize mwenyewe: kwani nifanyeje, kaka, nisaidie. Ukishasema hivyo, ombi limekuwa lako.

Mimi sikuuliza. Akauliza kaka yangu.

Kaka alikuwa amechoka, na nyumba ilikuwa na wapangaji waliokuwa wamegoma kulipa kodi mpaka waonyeshwe mwenye mali. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa chuo na ada ilitegemea kodi hiyo. Kwa hiyo kaka akazungumza na bwana mmoja anayekaa chini ya mwarobaini nje ya ofisi, mwenye mkoba na simu mbili, ambaye kila mtu pale humwita "mtaalamu". Huyo ndiye kishoka. Akataja laki nne: laki ya kutafuta faili, laki na nusu ya "mezani", na inayobaki ni ya usumbufu wake. Kaka akatanguliza laki mbili na nusu bila kuniambia. Siku chache baadaye faili likaonekana, kisha likapotea tena, na kishoka akasema mwenye meza amehamishwa, aliyekuja hajala.

Kuna mambo mawili hapo. La kwanza, rushwa haina risiti, kwa hiyo haina deni. Ukishatoa huna wa kumdai, na aliyepokea jana hamfungi wa leo. La pili ni baya zaidi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawasawa na mpokeaji: faini isiyopungua laki tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kaka alikuwa ameshajitia kitanzi, na yule kishoka alilijua hilo. Tulipotishia kumsema, alicheka. Mtu akishatoa, mdomo wake umefungwa na kile alichotoa mwenyewe. Ndiyo maana wanaopokea hawana wasiwasi na waliowapa; wasiwasi wao ni kwa yule ambaye hajatoa bado anauliza maswali.

Kikao cha familia kilichofuata kilikuwa kigumu. Baba mdogo, ambaye namheshimu sana, alisema, "Mwanangu, mkono mtupu haulambwi. Malizia hiyo laki na nusu tupumzike." Shangazi alisema nawatesa kwa sababu ya ukaidi. Mama alikaa kimya, na ule ukimya uliniumiza kuliko maneno ya wote. Niliporudi kwangu jioni ile nililia kwenye daladala, mtu mzima mwenye watoto. Nilijiuliza kama kweli nina haki ya kulipia msimamo wangu kwa ada ya mdogo wangu. Mwishowe niliwaambia wanipe miezi mitatu, na ada ya muhula ule nikaikopa kwenye SACCOS ya kazini kwa dhamana ya mshahara wangu. Riba yake nimeimaliza juzijuzi. Atakayekwambia kukataa rushwa ni bure, hajawahi kukataa. Ila laki nne isingekuwa mwisho wake pia, hilo nalijua sasa.

Nilichobadilisha ni kimoja tu: niliacha kuzungumza na kaunta, nikaanza kuandika. Katika ofisi zetu za umma kuna chumba kinaitwa masijala. Wengi tunakipita bila kukiona, kwa kuwa tunakimbilia anayeonekana ana madaraka. Barua ikiingia masijala inaandikwa kwenye rejesta, inapewa namba, inawekwa kwenye faili, na lazima iende kwa mkuu wa ofisi. Niliandika barua ya ukurasa mmoja. Nilitaja namba ya kiwanja na ya hati, tarehe niliyowasilisha nyaraka, na nikauliza maswali matatu: ombi langu liko hatua gani, linasubiri nini, na ni afisa gani analishughulikia. Nikataja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 30 kumjibu raia aliyeomba taarifa kwa maandishi. Nikatoa nakala mbili. Mama wa masijala, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, aliisoma yote, akanitazama, akachukua muhuri, akaugonga kwenye nakala yangu: IMEPOKELEWA, tarehe, saini, na namba ya rejesta kwa wino mwekundu. Akaniambia, "Hii itunze, mwanangu. Watu wengi huwa hawaniombi."

Nilirudi na barua nyingine ya kukumbushia, nayo ikagongwa muhuri. Safari hii niliandika chini kwamba nakala imepelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na kweli niliipeleka. Wiki ile faili "la zamani sana" lilionekana. Lilikuwa kwenye kabati la chumba kilekile.

Yule kijana wa kaunta ndiye aliyeniambia. Tulikutana kituo cha basi siku nyingine, na nadhani aliona simchukii. Kumbe hakuwa ameajiriwa. Alikuwa "anajitolea", ana stashahada yake, yuko pale mwaka wa tatu bila mshahara, akisubiri ajira zitangazwe. Nauli yake, chakula chake, chumba chake, vyote vinatoka kwa wanaokuja na bahasha za kaki. Aliyekaa ndani anamtuma, yeye anakusanya, anabakiziwa kidogo. Naye aliyekaa ndani, kwa maelezo ya kijana, hakuipata ile meza hivihivi. Kuna meza zinazoitwa za ulaji, na anayepangiwa hapo anajua kuna wa kukumbukwa juu. "Dada, mimi nikikataa leo, kesho naambiwa nisije. Si mwajiriwa, nitamlalamikia nani?"

Tangu siku ile siwezi tena kuridhika na maelezo kwamba watu ni wabaya, au kwamba ni mishahara midogo tu. Mishahara ina sehemu yake, na ofisi inayoendeshwa na vijana wasiolipwa imekaribisha rushwa kwa mlango wa mbele. Lakini aliye ndani ana mshahara, ana gari, na ndiye anayekula zaidi. Anachouza si kazi yake, kwa sababu kuandika jina kwenye hati ni kazi ya muda mfupi. Anauza giza. Sikujua faili liko wapi, sikujua inatakiwa ichukue siku ngapi, sikujua nani anaamua. Kila nilichokuwa sikijui kilikuwa na bei. Palipoandikwa, kama kwa yule karani wa mahakama, hapakuwa na biashara.

Na sisi wananchi tunailisha. Mtu akistaafu udereva wa serikali akiwa na nyumba tatu tunasema ni mjanja. Akistaafu mkurugenzi akiwa na nyumba moja tunasema alizubaa. "Kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake" tunaisema harusini na watu wanapiga makofi. Wakati wa uchaguzi tunapokea khanga, sukari na elfu tano za nauli, halafu baadaye tunashangaa aliyetoa anarudisha mtaji wake. Kuna kipindi jambo hilo lilipewa hata jina la heshima kisheria, takrima, tangu mwaka 2000 hadi Mahakama Kuu ilipolifuta mwaka 2006. Sheria ilifutwa, ila katika kura za maoni tabia yenyewe bado mnaiona. Mwenyekiti wa mtaa aliyenunua kiti chake hatanigongea muhuri bure.

TAKUKURU nilikwenda, na hili nataka nilieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wanaliogopa bila kulijua. Nilianza kwa kupiga 113, ambayo ni bure, na nikaelekezwa ofisi ya wilaya. Nilitarajia kuhojiwa kama mhalifu. Afisa aliyenipokea alinipeleka chumba cha ndani, akafunga mlango, akaniuliza kwa utaratibu: nani, wapi, lini, aliomba nini hasa, kwa maneno gani, kuna ujumbe wa simu, kuna shahidi. Kwa maswali hayo nilielewa kwa nini malalamiko mengi hayafiki popote. "Pale wanakula rushwa" si taarifa. Taarifa ni jina au maelezo ya mtu, meza anayokaa, tarehe, kiasi, na namba ya simu iliyopokea.

Jambo la muhimu kuliko yote alilonieleza ni hili: ukiombwa, usikatae kwa hasira wala usikubali. Sema unaenda kutafuta, kisha nenda kwao kabla ya kutoa hata senti. Mtego huandaliwa kwa fedha wanazozijua wao, na hapo wewe ni shahidi, si mtoaji. Ukishatoa kwanza ndipo ukalalamika, mambo yanakuwa magumu, kama yalivyokuwa kwa kaka. Ilibidi akae na wakili kwanza, kisha aende mwenyewe kueleza yote, pamoja na kwamba alitoa. Alitetemeka siku ile. Lakini meseji za kishoka alikuwa nazo kwenye simu, pamoja na ujumbe wa muamala wa laki mbili na nusu, na hivyo ndivyo vilivyolipa uzito jambo letu. Msifute meseji.

Niliuliza pia kuhusu usalama wangu. Iko sheria ya ulinzi wa watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe. Kwa mji mdogo sitawadanganya kwamba hilo linatosha. Kuna wiki nilipokea simu za watu wasiojitambulisha, na jirani mmoja aliacha kunisalimia. Nilimweleza mume wangu, mwajiri wangu na wakili wetu kila kitu, na nakala za nyaraka nikaziweka nyumba tatu tofauti. Ushauri wangu ni kwamba usiende peke yako na usiwe mtu pekee anayejua.

Matokeo? Hati ilitoka. Ada zote halali nilizilipa kwa ile namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, benki na kwenye simu, na jumla yake ilikuwa ndogo kuliko kile kishoka alichokuwa anadai. Kishoka haonekani tena chini ya mwarobaini. Aliyekuwa ofisi ya ndani alihamishiwa wilaya nyingine, na hilo silihesabu kuwa ushindi, kwa sababu uhamisho unampelekea mwananchi wa kwingine tatizo letu. Uchunguzi, nilivyoambiwa mara ya mwisho, unaendelea.

Mara nyingi nimefikiri ni nini kingenisaidia tangu mwanzo, na majibu yangu si ya kitaalamu, ni ya mtu aliyekaa kwenye lile benchi. Malipo ya serikali kwa namba, yaliyoanza kusambaa tangu 2017, yamefanya kazi kubwa. Zamani hata ada halali ulimkabidhi mtu mkononi na hukujua inakwenda wapi. Leo pesa ya serikali haipiti kaunta, na rushwa ikiombwa inajionyesha kuwa ni rushwa. Kusajili jina la biashara BRELA sasa unafanya ukiwa nyumbani, na wale waliokuwa wakikaa nje kuuza fomu wamekosa kazi. Katika ile orodha ya Transparency International ya mtazamo wa rushwa, Tanzania ilikuwa na alama 30 kwa 100 mwaka 2015, na 40 mwaka 2023. Tumesogea. Bado tuko chini ya nusu.

Lakini mfumo wa kompyuta unaishia pale penye kidole cha kuidhinisha. Kama ombi linaweza kukaa kwenye skrini ya mtu mmoja bila mwisho na bila mtu wa juu kuulizwa, basi "mtandao uko chini" itachukua nafasi ya "faili halionekani", na bei itabaki ileile. Kinachotakiwa ni ombi kuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikipita, lipande lenyewe kwa mkubwa wa yule aliyelikalia, na mwombaji apate ujumbe unaomwambia limefika kwa nani. Mikataba ya huduma kwa mteja imebandikwa ukutani ofisi nyingi, na siku zimeandikwa mle. Nilipoisoma ile ya ofisi yetu niliona ombi langu lilikuwa limevuka muda wake mara nyingi sana, na hakuna aliyetakiwa kueleza kwa nini. Pigeni picha ya hiyo mikataba. Ikinukuliwa kwenye barua inayogongwa muhuri masijala, inauma.

Na hawa vijana wanaojitolea wapewe posho inayoeleweka au wasikalishwe kaunta kabisa. Kumweka mtu mwenye njaa mlangoni mwa huduma ya umma, kisha kuandaa semina ya maadili, ni kumwonea yeye na kutuonea sisi. Kama iko hatua moja ningemwomba waziri yeyote aichukue kesho asubuhi, ni hiyo.

Fomu ya hesabu za mirathi niliipeleka mahakamani ikiwa na risiti zote zimebandikwa kwa mpangilio. Laki mbili na nusu ya kaka haikuingia humo, kwa sababu hakuna hesabu ya kisheria inayoipokea. Aliibeba mwenyewe kutoka kwenye fungu lake, na alikubali. Wapangaji wanalipa, ada ya chuo inatoka. Baba mdogo alinipigia simu mwezi uliopita, si kwa ajili ya yaliyopita. Amefiwa na mkwe wake na binti yake ndiye msimamizi. Alitaka nimwandikie mfano wa ile barua, na aniulize masijala huwa wanafungua saa ngapi.